Betri Yangu Haihitaji Dhahabu Tena

Liège, Ubelgiji

Kwa mdogo wangu mpenzi Sumaili,

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute juu ya ardhi na si chini yake, umeshiba, na nguo zako zimekauka. Kile kikohozi ulichoondoka nacho Kasongo kimeisha? Na goti uliloumia ulipoanguka na baiskeli, linakuacha usujudu bila kuuma? Mimi huku sijambo. Baridi imeanza kupungua, ingawa bado navaa soksi juu ya soksi na wenzangu kazini wananicheka. Juzi nilipata sombe, majani yetu ya muhogo, iliyogandishwa katika duka la Mkongo mmoja hapa mjini. Nikaipika, nikaila yote peke yangu kabla haijapoa. Hilo usimwambie Mama, ataniuliza kama nilikosa hata jirani wa kumgawia.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi, kama tuko enzi za babu. Nimekupigia simu mpaka nimechoka kumsikiliza yule mama wa mtandao anayesema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba hupatikani. Ujumbe wa sauti niliokutumia haujakufikia hata mmoja. Kwa hiyo naandika kwenye kompyuta, nitamtumia binamu yetu Zaina, yule mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko la Kasongo, aichape, aitie kwenye bahasha, ampe Assani wa pikipiki. Assani anasema anazijua kambi zote za wachimba dhahabu wa Salamabila, na akifika ataulizia jina lako kambi kwa kambi. Zaina nimemwapisha asisome. Najua amesoma. Zaina, nakusalimu.

Naam, Sumaili, najua uko Salamabila. Mama aliniambia uko Wamaza, unanunua mchele kwa wakulima ili uuze mjini, na mimi nikaamini, maana ni wewe mwenyewe uliyemwambia hivyo. Sasa nikueleze nilivyojua.

Mama Mariamu, shangazi yake mke wako Feza, alikuja huku kumwona binti yake aliyejifungua. Akafika kwangu siku ya Jumapili na mfuko wa karanga, pilipili kavu, na salamu za mtaa mzima. Tukanywa chai, tukasema habari za watu wote, waliooana na walioachana. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kikopo cha zeri, ile ya kupaka kifuani mtu akiwa na mafua. Nikacheka, nikamwambia huku dawa za mafua zimejaa. Hakucheka. Akaniambia nifungue. Ndani mlikuwa na pamba, ndani ya pamba kinailoni kilichofungwa uzi, na ndani ya nailoni dhahabu. Kidogo tu, kama chembe za mchele uliovunjika.

Akasema huku anaangalia kikombe chake: "Ndugu yako alisema hivi: mwambie Yaya, dada yangu, hii ni mchango yangu kwa ile betri yake. Asisikie haya. Ingine iko njiani."

Nikamuuliza wewe umeitoa wapi. Akaendelea kuangalia kikombe. Mtu wa kwetu akiangalia kikombe namna ile hahitaji tena kujibu. Sumaili, nililia mbele ya mgeni. Zeri ile ilikuwa imeniingia kwenye vidole, nikajifuta nayo machoni, nikazidi kulia. Mama Mariamu alidhani nimefiwa.

Najua maneno yangu ndiyo yaliyoanza. Ule mfungo wa mwaka juzi nilituma sauti nyumbani, mkaisikiliza wote uani, hata majirani, nikawa nalalamika. Nilisema betri tunayoitafuta hapa imegoma, kwamba dhahabu ndiyo iliyoonyesha kufanya vizuri, na kwamba dhahabu ni ghali na tuliyokuwa nayo imetuishia. Nilikuwa nimechoka tu, nataka mtu aseme pole. Lakini nilisahau nasema na akina nani. Kwetu mtu akijenga, huyu analeta bati, yule misumari, asiye na kitu analeta mgongo wake wa kubeba maji. Nilipokwenda kusoma Bukavu, hata yule bibi kipofu wa nyumba ya pili alinipa kibuyu cha mafuta ya mawese. Ninyi mkisikia dada yenu amekwama kwa kukosa dhahabu, na mmoja wenu amewahi kuchimba, je, mtakaa kimya? Wewe hukukaa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye habari yenyewe. Dhahabu ile haihitajiki tena. Si kwamba nakataa mchango wako ili uondoke huko. Haihitajiki kweli, na ninataka nikueleze mpaka uelewe, usije ukadhani Yaya anakubembeleza.

Betri hii yetu inapumua. Upande mmoja ina lithiamu, madini laini unayoweza kuyakata kwa kisu, na upande mwingine inavuta oksijeni. Viwili hivyo vikikutana, umeme unatoka, na kinabaki kitu cheupe kama chokaa kinachojazana ndani. Ikifaulu, kwa uzito uleule itabeba umeme mwingi kuliko hii ya simu yako. Shida inakuja ukitaka kuichaji. Ile chokaa lazima iachane, oksijeni itoke, lithiamu irudi kwao, na vyenyewe havitaki kuachana. Ukivilazimisha kwa umeme mkali, betri inajiunguza tumboni na kufa kijana. Kwa hiyo tunaweka madini ya tatu katikati, kazi yake ni kama ya mshenga: anawakutanisha hawa, na siku ya kuachana anakuja tena kuwasemesha kwa upole, na yeye mwenyewe haoi wala haolewi. Waliotutangulia walitumia dhahabu na madini mengine ya daraja lake. Hao ni washenga wa kukaribishwa kwenye zulia na kuchinjiwa mbuzi. Betri yenye mshenga wa namna hiyo hakuna mtu wa Kasongo atakayeinunua, hata ikifanya miujiza.

Mkubwa wetu hapa kazini, mama mmoja mwenye mvi asiyependa maneno mengi, alitugawia kila mtu madini yake ya bei rahisi ayajaribu. Mmoja alipewa shaba, mwingine nikeli. Mimi nilipewa manganizi, nikaichanganya na chuma kidogo. Unaijua manganizi, Sumaili. Umeishika kwa mikono yako. Ni ule unga mweusi wa ndani ya mawe ya redio. Unakumbuka marehemu Baba alivyokuwa anayaanika mawe yaliyochoka juu ya bati, yapate nguvu ya kumalizia habari? Na yakishakufa kabisa, mwalimu alikuwa anatuomba tulete, tunayapasua, unga ule tunausugua na majani ya viazi kwenye ubao wa darasa mpaka uwe mweusi. Tulirudi nyumbani weusi hadi masikioni, na Mama alikuwa hatuingizi ndani mpaka tuoge. Mimi sipasui mawe ya redio hapa, natengeneza unga wangu kwa ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Lakini siku ulipotokea mweusi chini ya chupa niliujua mara moja, nikatabasamu peke yangu.

Haukufaulu upesi. Mara ya kwanza nilipika unga kwa moto mwingi, ukagandamana kama ugali uliopoa. Mara nyingine nilifaulu unga, nikaharibu betri, kwa sababu tunazitengeneza ndani ya sanduku la kioo lenye glavu ndefu, na unyevu ukipenya hata kidogo kazi imekwisha. Hewa ya Kasongo asubuhi ya mvua ingeiua kabla hujasema bismillahi. Miezi ilipita, wenzangu wanaonyesha kazi zao kwenye mkutano wa Jumatatu, mimi naonyesha maiti.

Halafu Ramadhani hii nikaanzisha nyingine siku ya kwanza ya mfungo. Ni ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Nikaipanga ijae mchana na itoe umeme usiku. Ilikuwa inakula mchana na kufunga usiku, nikawa naiombea msamaha kwenye swala. Wiki ya kwanza ikapita, haikufa. Nusu ya mwezi ikafika, ule mstari kwenye skrini umelala vilevile, hautetemeki. Nikaogopa hata kupita karibu yake.

Nilimwambia Mama peke yake, kwa simu, kwa sauti ya chini kana kwamba watu wa Liège wanasikia Kiswahili. Nilimwambia kuna kitu kimeshika, kwa manganizi, bila dhahabu. Unajua alivyonijibu: "Funga kinywa kwanza, mama. Hiyo ni sawa na mimba. Iache ikomae, watu wataiona yenyewe." Na mimi nikafunga. Ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi. Feza alipobeba mimba ya mtoto wenu, hata wewe ulijifanya hujui mpaka tumbo likakusalimu. Basi kila Jumatatu nikiulizwa, nikawa najibu kwamba bado, bado kidogo. Mama naye akakaa kimya nyumbani, hakumwambia mtu. Wewe nawe ukakaa kimya huko shimoni, unataka kunishtua kwa zawadi. Familia nzima midomo imefungwa, kila mmoja anamficha mwenzake jambo jema, na wewe unazidi kwenda chini.

Idi ilipofika betri ilikuwa bado inatembea. Mkubwa wetu akapita mwenyewe mezani kwangu, akaona ule mstari, akavuta kiti akakaa. Akaniuliza imeanza lini. Nikasema tangu mwezi ulipoandama. Hakuelewa, nikamweleza. Alikuwa tayari ameandika barua ya kuomba dhahabu nyingine, kwa kuwa alidhani sisi wote wa madini rahisi tumeshindwa. Akaniuliza, bila hasira, kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba kwetu jambo la namna hii ni kama mimba, haisemwi mapema. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema wao huku wanaitangaza mapema ili wapate wa kuwasaidia kubeba. Kisha akarudi ofisini kwake na kufuta neno dhahabu kwenye barua ile, akaandika manganizi na chuma. Nilimwona kwa macho yangu akifuta.

Usiende kuwaambia watu wa kambi kwamba dada yako ameleta umeme. Betri ile ilikuja kuchoka baadaye, tukaipasua tukaona palipokauka, tumeanzisha nyingine na inatembea vizuri zaidi. Bado inapumua oksijeni safi ya mtungi, haijui hewa ya kawaida. Labda tutazeeka kabla haijawasha taa ya mtu. Lakini swali la dhahabu limekwisha, na hakuna mtu humu ndani anayelirudia.

Mama Mariamu alipoondoka, nilimpigia Mama. Sikutaka kumwambia moja kwa moja kuhusu Salamabila, moyo wake unaujua. Nikamwomba tu aangalie chini ya kitanda chake kama ule mtaimbo wako bado upo. Unakumbuka siku ulipompa, mtoto wako akiwa na siku chache duniani, ukamwambia hutashuka tena, naye akaufunga kwa kitenge chake cha zamani akausukuma chini ya kitanda. Nilimsikia akiinama, akivuta. Akasema upo, ameushika. Nikamwambia aufungue. Akafungua. Ndani ya kitenge mlikuwa na mti, Sumaili. Umeukata kwa urefu uleule, ukaufunga kwa fundo lilelile la Mama. Kwanza akacheka, kwa jinsi ulivyolipatia lile fundo. Halafu nikawa nasikia kuku wa uani tu.

Mwishowe akasema: "Mwambie mutoto wangu arudi. Mimi sina maneno ingine."

Hakukutukana. Ningependa angekutukana, ningelala vizuri zaidi. Wewe ulikuwepo tulipomswalia yule kijana wa jirani yetu, fundi cherehani, bila jeneza mbele yetu, kwa sababu shimo lilimfunika na hakuna aliyeweza kumtoa. Mama yake mpaka leo anaacha mlango wa nyuma wazi. Mvua za safari hii, Mama Mariamu anasema, zimekuwa mbaya huko. Ninaogopa, mdogo wangu. Nikiwa kazini mikono yangu imo ndani ya zile glavu ndefu, najikuta nafikiria mikono yako iko wapi saa hiyo.

Mimi si mjinga. Najua hukushuka kwa ajili yangu peke yangu. Una mtoto wa kulisha, mchele wa Wamaza faida yake ni ndogo na barabara unaijua. Sitakaa huku Ulaya na soksi zangu nikufundishe jinsi ya kuishi Kasongo. Ukirudi tutazungumza, na kama nina la kusaidia nitasaidia, na kama sina tutafikiri pamoja. Redio za watu bado zinaharibika, na mkono wa Baba wa kuzitengeneza wewe ndiye uliyeurithi. Lakini sehemu ya shimo hilo iliyo yangu, ile uliyoichimba ukimfikiria Yaya na betri yake, leo naifukia. Usinichimbie tena.

Na mchango wako nimeupokea. Sikuurudisha, maana najua kurudisha mchango ni tusi. Ila mimi ni shangazi, na mtoto wa kike hereni zake za kwanza huvalishwa na shangazi yake. Mama Mariamu anarudi Kasongo na kile kikopo cha zeri. Atampa Feza, sonara atengeneze hereni ndogo za binti yako, aliyepewa jina langu. Nimesema asitobolewe masikio mpaka baba yake awepo wa kumshika, kwa kuwa Feza hawezi kuvumilia kilio chake na Mama haoni vizuri tena. Sasa mtoto anasubiri, dhahabu inasubiri, sonara anasubiri.

Nisalimie wenzako wa kambi, wale unaokula nao sahani moja. Waambie dada yako anawaombea kila siku, na kwamba sina neno baya juu ya kazi yao. Feza nimemwandikia mbali, nikamwomba radhi, kwa sababu ulimwacha na siri nzito aibebe. Mpe salamu mjomba wetu anayetufundishia watoto chuoni, mwambie bado nasoma sura alizonipiga fimbo nizishike. Yule bibi kipofu wa nyumba ya pili mpelekee sukari, umwambie kibuyu chake kilifika mbali. Na Mama, sina salamu ya kumtumia kupitia kwako. Ninayotaka apate ni wewe mwenyewe, umesimama mlangoni.

Jambo la mwisho. Assani amelipwa kwenda na kurudi, na nauli ya kurudi ni ya watu wawili. Nimemwambia asipakie mtu mwingine hapo nyuma, si mfanyabiashara, si mgonjwa, si mzigo wa mtu. Atakungoja mpaka ukusanye vitu vyako. Mama ameshajua siku atakayorudi, na ataanza kusikiliza pikipiki tangu asubuhi. Macho yake yamechoka, lakini masikio hayajachoka. Atajua kwa mlio tu kama imebeba mtu mmoja au wawili.

Ni mimi Yaya wako anayekupenda,

Mwamini